Mguu Ulionyooka

Kilole, Korogwe
11 Januari 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku sote wazima. Mustafa na watoto wanakusalimu, na mdogo kila akipita chumbani anauliza bibi amekwenda wapi na magongo yake. Samahani kwa kuchelewa kuandika. Januari unaijua ilivyo kwa fundi cherehani. Korogwe nzima imekumbuka sare za shule kwa mara moja, na mguu wangu haujatoka kwenye pedali tangu mwaka uingie.

Jana niliiacha mashine nikaenda hospitali na ile picha ya eksirei uliyopigwa kabla hujarudi Handeni. Dokta Ponsiano aliiweka kwenye taa, akaitazama, akatabasamu. Anasema mfupa umeshika vizuri, vyuma viko mahali pake, na ile nundu ya kidole gumba haitarudi tena. Akamwita na mwenzake aje aone. Mama, mguu wako ulivyonyooka kwenye ile picha ungedhani ni wa msichana.

Sasa umebaki wa kushoto. Anasema ukiwa tayari, hata mwezi wa pili anaweza kukufanyia operesheni. Najua simu hatusikilizani siku hizi, masikio yako yameikataa, na hutaki mtu mwingine akusomee maneno yangu. Basi nijibu kwa mkono wako, barua umpe Kibwana wa basi la Kosta kama kawaida. Niambie mguu unaendeleaje, viatu vinaingia, na lini unakuja kwa ajili ya wa pili.

Mwanao,
Hafsa


Kwenjugo, Handeni
20 Januari 2025

Mwanangu Hafsa,

Marahaba. Barua imefika. Kibwana aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, akanywa chai na kumaliza maandazi, kwa hiyo posta yetu siyo ya bure.

Mguu haujambo. Tangu nirudi watu wanakuja kuutazama mguu badala ya kunitazama mimi. Naisimoi, yule mama wa Kimasai anayetuletea maziwa, aliuinamia akaushika kwa mikono miwili, akauliza kama kweli ni uleule. Wake unaujua, nundu imetoka nje ya kandambili inataka kumtangulia njiani. Anatembea na madumu yake kutoka bomani, akifika hapa anakaa kwanza anausugua ndipo anapima maziwa. Nikamwambia aende kwa Dokta Ponsiano akanyooshwe kama mimi. Amesema atazungumza na wanawe.

Viatu vinaingia. Vile vyeusi ulivyoninunulia nilivivaa kwenye harusi kule Sindeni na hapakuchubuka popote. Kwa hilo namshukuru Mungu na wewe pia, maana miaka yote ile nilikuwa nikikaa harusini naficha miguu chini ya kanga.

Kuhusu wa kushoto, tusikimbizane. Kuna mahindi ya vuli ya kuvuna, na paa la jikoni linavuja. Huo wa kushoto umenibeba muda wote huu, hautanitupa sasa hivi.

Na uache kushona mpaka macho yawe mekundu. Bado unayahitaji.

Mama yako,
Mwantumu binti Mhina


Kilole, Korogwe
3 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Nilimsomea Mustafa habari za Kibwana na maandazi, akacheka mpaka akakohoa.

Lakini usiuache wa kushoto ukae. Nilimwuliza Dokta kwa niaba yako. Anasema nundu hizi hazirudi nyuma zenyewe, zinaongezeka, na kidole gumba kikishapanda juu ya mwenzake kidonda kinakuwa cha kila siku. Anasema pia operesheni haimrudishii mtu mguu wa utotoni. Wapo wanaobaki na uvimbe muda mrefu, wapo ambao maumivu hayaishi kabisa, ila wengi wanatembea vizuri kuliko walivyokuja. Wewe umeangukia kwa hao wengi, Mama. Sasa kwa nini tuahirishe?

Jambo moja tu. Safari hii nilikuwa nafikiri ukitoka hospitali urudi moja kwa moja Handeni, mdogo wangu Shamsia akuuguze hapo nyumbani. Nimeongeza cherehani ya pili na chumba cha watoto kimejaa vitambaa. Na wewe mwenyewe ulisema joto la Korogwe linakuchosha. Huko utapumzika vizuri zaidi.

Mwanao,
Hafsa


Kwenjugo, Handeni
14 Februari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Joto la Korogwe sijawahi kulisema vibaya. Labda umenichanganya na mama mkwe wako.

Mimi nilipapenda kwako. Asubuhi nilikuwa nikiweka kiganja sakafuni naupata mtetemo wa cherehani yako, najua Hafsa ameamka, yuko kazini. Sauti zote zimenikimbia, lakini hiyo nilikuwa naipata kwa mkono. Nimeizoea vibaya, hapa naweka kiganja sakafuni napata baridi tu.

Mguu wa kushoto tuuache mpaka mwezi mtukufu upite. Umetaja maumivu. Mimi sina, mguu haujambo. Wasichana wangu wa kibarazani nimemwachia Shamsia awafundishe swala kwa muda, kifua kinanibana na hili vumbi. Usihangaike, si cha kupelekwa hospitali.

Naisimoi ameamua. Wanawe wamekubali, atakuja huko baada ya Idi. Umpokee umwoneshe njia, Kiswahili anakijua ila foleni za hospitali hazijui.

Mama yako,
Mwantumu binti Mhina


Kwenjugo, Handeni
10 Machi 2025

Dada Hafsa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nitalia, halafu Mama atanitazama midomo ajue nasema nini. Amenikataza nisikwambie, kwa hiyo ukiisoma ichane.

Mama hana kifua. Shida yake ni ule mguu. Umenyooka kweli, kidonda kimepona, na akitembea kwenda kwa jirani haumsumbui. Ila kile kidole hakikunjiki hata kidogo. Akisujudu, vidole vinatakiwa vikunjike viguse chini vielekee kibla, na akikaa tahiyatu mguu huo wa kulia ndio unaosimama. Kidole gumba hakikubali, na akikilazimisha maumivu yanapanda mpaka gotini. Amejaribu tangu arudi kutoka kwako. Nilikuwa namkuta ameinama peke yake anakisukuma kwa kiganja. Siku hizi anaswali kwenye kiti cha plastiki, chumbani, mlango amefunga.

Unakumbuka anavyowafundisha wasichana. Hatumii maneno mengi. Anaswali mbele yao, wao wanamfuata, halafu anawazungukia nyuma na kile kijiti anawanyanyua visigino mpaka vidole vikae sawa. Mimi na wewe alitufundisha hivyohivyo. Ramadhani hii wameletwa watoto wapya, wengine kutoka mbali, wameletwa kwake kwa jina lake, na yeye anawaambia ana kifua. Nawafundisha mimi, na yeye anakaa nyuma ya pazia anatutazama. Jana alitoa mkono kwenye pazia akanionesha mtoto mmoja aliyelaza mguu.

Shambani pia akichuchumaa kupalilia hainuki mpaka ashike kitu.

Nataka kukuuliza, Dada, wewe ndiye uliyekuwa naye. Daktari alijua itakuwa hivi? Kuna dawa ya kukilainisha, au ndiyo basi?

Mdogo wako,
Shamsia


Kilole, Korogwe
15 Machi 2025

Mdogo wangu Shamsia,

Marahaba. Nimeisoma nikaichana.

Viungo vikishafanyiwa operesheni vinachukua muda, wengine hata mwaka. Umkande kwa maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni. Na asijitese, dini haimlazimishi mtu kwa asichokiweza, swala ya kitini ni swala. Amwulize shehe yeyote atamwambia hivyo.

Swali lako kuhusu daktari niachie mimi. Usimwulize mtu mwingine yeyote, na Mama usimwambie kwamba najua. Naisimoi naye mwambieni asije kwanza, Dokta Ponsiano amesafiri na haijulikani atarudi lini.

Watoto wanakusalimu.

Dada yako,
Hafsa


Kwenjugo, Handeni
6 Aprili 2025

Hafsa,

Idi imepita. Utanisamehe nisipoanza na salamu nyingi, nina jambo limenikaa kooni.

Nimekuwa nikikuandikia kwamba mguu haujambo. Nilikudanganya. Kidole hakikunjiki, na kisipokunjika siwezi kusujudu wala kukaa tahiyatu. Nilinyamaza kwa sababu uliacha kazi yako ukaniuguza, ulinibeba mgongoni kunipeleka chooni, ukaniosha. Ningekwambiaje kwamba taabu yote ile imezaa hiki? Nilijiona mtovu wa shukrani. Kila nikiandika neno haujambo nilijisikia vibaya, nikaliandika hivyohivyo.

Siku ya Idi Shamsia alinibebea kiti mpaka uwanjani. Nilikaa nyuma kabisa. Wanawake wote wakaenda chini, na mimi nimebaki kitini juu ya migongo yao nimeinamisha kichwa. Baada ya salamu msichana mmoja niliyemfundisha mwenyewe aligeuka akanitazama, kisha akatazama pembeni haraka. Usinijibu kwamba swala ya kitini inakubalika. Najua, nimewafundisha wengine hilo kabla hujazaliwa. Lakini tangu nikiwa mdogo kuliko huyo msichana paji langu la uso limezoea kufika chini, na sasa linaishia hewani. Sikudhani ningelililia jambo hilo. Nimelilia.

Sasa nimefikiri sana. Yule daktari alijua. Mtu anayekaza kiungo kwa vyuma anajua hakitakunjika. Na hakusema, maana angesema kwako ungeniambia. Nimemwambia Naisimoi asikanyage kwake hata akirudi safari. Nimewaambia na wanawake wengine hapa. Na mwisho wa mwezi nakuja Korogwe, siyo kwa mguu wa kushoto. Nakuja kumsema Ponsiano mbele ya mkubwa wake. Wewe una mwandiko mzuri, utaniandikia malalamiko.

Mama yako,
Mwantumu binti Mhina


Kilole, Korogwe
13 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Usije kumsema Dokta Ponsiano. Alisema. Aliniambia mimi.

Siku ile ya kuamua operesheni wewe ulikaa kwenye benchi la nje, kwa sababu humsikii, na akiwa na barakoa huwezi kumsoma midomo. Niliingia mimi. Alinichorea kwenye karatasi. Akasema kuna njia mbili. Ya kwanza anaukata mfupa, anausogeza na kuunyoosha, na kiungo kinabaki kinakunjika. Ila kwa mguu ulioharibika kama ule, nundu inaweza kurudi baada ya miaka, na pengine mtu afanyiwe tena. Ya pili anaiunganisha mifupa miwili kwa chuma iwe mmoja. Hiyo ni imara na nundu hairudi, lakini kidole hakikunjiki tena maisha. Akasema wapo wanaoiridhia ya kwanza na wapo wanaoiridhia ya pili, inategemea mtu anautumiaje mguu wake. Akaniambia, "Kamweleze mama zote mbili, achague mwenyewe."

Nilitoka. Ukaniuliza, "Anasemaje?" Nikakwambia, "Anasema watakunyoosha na haitarudi tena." Ukasema alhamdulillahi, ukaweka sahihi. Niliporudi ndani akaniuliza kama umekubali kisikunjike, akauliza na kama unaswali chini. Nikamwambia anajua yote, amekubali.

Nimejaribu kuandika hapa kwamba nilikuonea huruma usije ukakatwa mara mbili. Ni kweli kidogo tu. Ulikuwa umeshakaa kwangu tangu tuanze kuhudhuria kliniki. Mustafa alikuwa hasemi kitu, na kutosema kwake kulikuwa kunanichosha kuliko maneno. Watoto wanalala sebuleni, wateja wanapeleka vitambaa vyao kwingine. Nikaona mbele huko naletewa habari kwamba nundu imerudi na unakuja tena na magongo. Basi nikachagua njia ambayo hairudi. Nilitaka na wewe usirudi, Mama. Sentensi hiyo nimeikata na kuiandika upya sijui mara ngapi, na haijawa nzuri.

Swala sikuifikiria. Daktari mwenyewe, ambaye siyo Mwislamu, aliikumbuka, na mimi nikaipita. Kidole kile nimekiona kimekunjwa kwenye mkeka wako tangu nipate akili, na siku ya kukiamulia nikaiwaza sebule yangu.

Na Dokta hakusafiri. Nilidanganya ili Naisimoi asifike kwake wakazungumza. Shamsia aliniandikia kabla yako, usimlaumu, nikampa maneno ya kumnyamazisha. Tangu hapo kila nikikaa kwenye mashine nashona vibaya, nafumua, nashona tena.

Jana nimekwenda nikamwambia Dokta ukweli wote. Hakunigombeza. Alivua miwani tu, ningependa angenigombeza. Wa kulia anasema hauwezi kurudishwa, mifupa imeshakuwa mmoja. Wa kushoto haujaharibika sana, kwake njia ile ya kwanza inafaa, ukitaka. Ukitaka wewe.

Sijui niandike nini tena. Nisamehe, na usipoweza leo nitangoja.

Hafsa


Kwenjugo, Handeni
18 Mei 2025

Dada Hafsa,

Shikamoo. Umeniuliza kama barua zako zinafika. Zinafika zote. Ile ya mwezi wa nne aliisoma jikoni, akairudia, akaitia kwenye mkoba wake. Zilizofuata hajazifungua, ziko juu ya kabati. Hakuniambia kuna nini, na mimi sikuthubutu kuuliza. Amekuwa mpole kuliko kawaida yake, na hilo ndilo linanitisha.

Kesho yake alichukua fimbo akaenda kwa miguu mpaka bomani kwa Naisimoi, na unajua kulivyo mbali. Alirudi jua likiwa kali, mguu umevimba, hakutaka hata nimshike mkono. Tangu hapo kila mwanamke aliyempa habari mbaya za daktari anamsimamisha njiani anamwambia alikosea, daktari hana kosa. Juzi tulipokuwa tukitoka sokoni mmoja akamwuliza, "Basi kosa la nani?" Alikuwa amemkabili uso kwa uso, na midomo ya watu wote hapa Mama anaisoma bila shida. Akaweka mkono sikioni, akatikisa kichwa, akajifanya hajasikia. Tukaendelea na safari yetu.

Kuna kosa gani, Dada? Au usiniambie.

Shamsia


Kwenjugo, Handeni
15 Juni 2025

Hafsa,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nilipoanza, mkono uliandika maneno ambayo sikutaka uje uyahifadhi. Karatasi hizo nimewashia moto wa jikoni.

Nimekukasirikia, na bado nimekasirika. Siyo kwa sababu ya kidole. Kidole ni changu, na sahihi ile niliweka mimi bila kuuliza swali hata moja. Nimekasirika kwa ajili ya lile benchi. Masikio yaliponiacha sikuhuzunika sana, nilijiambia Hafsa anayo. Nimekuwa nikikutazama mdomo ukinipa maneno ya watu, na sikuwahi kufikiria kwamba labda siyo yote. Sasa nafikiria, na inanirudisha nyuma. Wazee walipokaa kugawa shamba la baba yako ni wewe uliyenieleza walichosema. Posa ya Shamsia ilipokuja ni wewe. Nalala nikiyapitia yote hayo moja moja, na sipati pa kushika. Hapo ndipo uliponiumiza.

Na mimi nina langu. Niliwaona watoto wamelala sebuleni, nikafikiri wanapenda. Nilimwona Mustafa kimya, nikasema mkwe wangu mstaarabu. Mtu mzima nimekaa kwenye nyumba ya watu nafurahia mtetemo wa cherehani, sioni kwamba mwenye cherehani amenichoka. Nilipofika kwenye sentensi yako ile niliona haya, mwanangu. Niliona haya kuliko nilivyoona hasira, na ndiyo maana nimechukua muda mrefu hivi.

Wasichana nimewarudia. Nakaa kitini, namweka mkubwa wao mbele aoneshe, na mimi nawasahihisha. Nimewaambia kweli kwamba mguu wa mwalimu wao haukunjiki. Walitazamana, wakaendelea.

Mguu wa kushoto nitaufanya. Unauma, na msimu huu sikulima nusu ya nilichotaka kulima. Nimechagua ile njia ya kwanza. Nundu ikitaka kurudi na irudi, itanikuta nimesujudu miaka kadhaa. Nikiswali, wa kulia nitaunyoosha pembeni ya mkeka, nimeshajaribu, mkao siyo mzuri lakini nafika chini zaidi kuliko nilivyokuwa kitini. Naisimoi anakuja pia, tutapanda Kosta moja. Nilimweleza njia zote mbili kama ulivyoniandikia, sikupunguza kitu. Yeye anaitaka ya pili. Anasema kanisani kwao anaomba amesimama, kazi yake ni kutembea, na hataki kurudi kwa madaktari tena. Kwake naona ni sawa.

Safari hii naingia kwa daktari mwenyewe. Nitamwomba aniruhusu nitandike kanga sakafuni nimwoneshe mguu unavyofanya kazi kabla hajaukata. Nitamwomba na radhi kwa niliyoyasema juu yake. Kumsikia sitamsikia, kwa hiyo nakutaka uwepo, na kalamu. Andika kila atakachosema, nisome palepale mbele yake. Yote, Hafsa. Hata litakalokuhusu wewe.

Nikitoka hospitali sitafikia kwako. Nimeshazungumza na shangazi yako Ikram wa Mnyuzi. Chumba anacho, watoto wake wameoa wamehama, na amesema peke yake pale anachoka. Hujanifukuza, na wala sendi kwa kukukomoa. Ulisema kweli, nami nimeichukua ilivyo.

Jumapili ukipata nafasi uje Mnyuzi utusalimie. Usibebe kitu. Usishike ufagio, usiniulize kama nataka kwenda chooni, Ikram yupo. Ukae na mimi mkekani, upumzike, tule pamoja. Jua likishuka nitachukua magongo yangu nikusindikize mpaka mlangoni, kama ninavyowasindikiza wageni wangu wote.

Mama yako,
Mwantumu binti Mhina